Simbilisi anaumwa: dalili moja moja, chanzo chake na la kufanya kwanza

Simbilisi (guinea pig) ni windo la wanyama wengine, na windo halionyeshi udhaifu mpaka nguvu zimwishie. Ndiyo maana kilio cha wafugaji wengi wa Dar es Salaam ni kile kile: "Jana alikuwa mzima kabisa, leo asubuhi nimemkuta amelala ubavu." Jana hakuwa mzima. Uzito ulikwisha anza kushuka, kinyesi kilikwisha pungua, ila hakuna aliyeangalia kwa sababu bado alikuwa akipiga kelele kila akisikia mfuko wa majani ukifunguliwa. Mizani na kinyesi husema mapema kuliko macho yako, kwa hiyo tunaanzia hapo.

Mjue akiwa mzima

Tafuta mizani ya jikoni ya kidijitali, ile ya kupimia unga, inayosoma gramu moja moja. Weka beseni dogo juu yake, irudishe kwenye sifuri, kisha mweke mnyama. Mpime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla hajala, na uandike. Jike mzima huwa na gramu 700 hadi 900, dume gramu 900 hadi 1,200, lakini cha kuangalia zaidi ni mwelekeo. Akishuka gramu 50 ndani ya wiki, mchunguze. Akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake, yaani gramu 90 kwa mnyama wa gramu 900, huyo ni mgonjwa hata kama anakula mbele yako.

Kinyesi cha mzima ni punje za mviringo mrefu, kahawia iliyokolea, zinazolingana ukubwa na zisizochafua kidole. Punje zikiwa ndogo, kavu, zimechongoka upande mmoja, chakula kinachoingia ni kidogo. Anapumua mara 40 hadi 100 kwa dakika. Hesabu mbavu zinavyopanda kwa sekunde 15, zidisha kwa nne. Mkojo wake unaweza kuacha unga mweupe laini ukikauka, hiyo ni kalsiamu. Vipara viwili vidogo nyuma ya masikio ni maumbile. Majimaji meupe yanayomtoka machoni anapojisafisha uso nayo ni ya kawaida, na kila wiki kuna mtu anayeyatibu bila sababu.

Dalili zisizosubiri kesho

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma, mpigie daktari wa mifugo:

- hajala chochote kwa nusu siku, au hajapata choo kwa muda huo
- anapumua kwa mdomo, au tumbo linajisukuma kwa nguvu kila pumzi
- tumbo limevimba na kukaza
- anahara maji
- anajikamua kukojoa na hakitoki kitu, au inatoka damu
- jike amekuwa na uchungu wa kuzaa zaidi ya dakika 20 bila kitoto kutoka
- amelegea, amepoa, au anatupa miguu kwa degedege

Hataki kula, au anachagua chakula

Hii ndiyo inayoua haraka. Utumbo wa simbilisi umeumbwa kufanya kazi mfululizo, usiku na mchana. Nyuzinyuzi zikikoma kuingia, bakteria wazuri hufa, wabaya hushika nafasi, gesi hujaa, na ini hulemewa na mafuta ambayo mwili unayavunja kutafuta nguvu. Isitoshe, simbilisi hatapiki. Kilichoingia hakina mlango mwingine.

Anza na maji. Chupa za gololi hukwama, hasa kwa wanaotumia maji ya kisima yenye chumvi, kwani ukoko hujijenga kwenye mdomo wa chupa. Isukume gololi kwa kidole. Tone lisipotoka, umeshapata chanzo. Mnyama asiyekunywa huacha majani makavu kwanza. Anahitaji takriban mililita 100 za maji kwa kila kilo ya uzito kwa siku, pungufu kidogo kama anakula majani mabichi mengi. Safisha mdomo wa chupa kwa siki, suuza, na weka bakuli zito la udongo pembeni kama akiba.

Halafu joto. Simbilisi hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24. Dar es Salaam kuanzia Desemba hadi Machi hupita nyuzi 30 karibu kila mchana, na chini ya bati ni zaidi. Mnyama aliyezidiwa na joto huacha kula mchana kisha hula usiku kukipoa. Kama ndivyo, tatizo ni mahali alipo. Soma sehemu ya kupumua hapa chini.

Joto na maji vikiwa sawa, angalia mdomo. Simbilisi ana meno 20, yote huota maisha yake yote, na yanasagwa kwa kutafuna majani yenye nyuzi. Anayelishwa pumba, mkate na karoti hayasagi. Magego ya chini huelekea ndani na mwisho hufunga juu ya ulimi. Dalili yake haifichiki ukijua pa kutazama: anakimbilia chakula, anakichukua, anakitafuna kidogo, kisha kinamdondoka. Nywele za chini ya kidevu zimelowa udenda. Anapenda tango, anakataa nyasi. Utaweza kuona meno ya mbele kwa kuinua mdomo wa juu kwa kidole gumba; magego huwezi kuyaona bila kifaa cha daktari. Usikate meno ya mbele kwa mkasi wa kucha. Jino hupasuka hadi kwenye mzizi, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili. Kusaga magego ni kazi ya daktari, mnyama akiwa amepewa dawa ya usingizi.

Mdomo ukiwa mzuri, fikiria maumivu mahali pengine: mawe ya kibofu, kidonda cha mguu, sikio, kichomi (homa ya mapafu). Simbilisi mwenye maumivu hujikunyata kwenye kona, nywele zimesimama, macho yamefungwa nusu, na akisaga meno usidhani anatafuna. Ukosefu wa vitamini C nao huanza na kukosa hamu ya kula. Una sehemu yake hapa chini.

Wakati unamtafuta daktari, mlishe. Chukua tembe za chakula cha sungura kutoka duka la dawa za mifugo (hakikisha si kile chenye dawa), zitwange, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, chuja mpaka upate uji unaopita kwenye bomba la sindano. Kiasi ni mililita 50 hadi 80 za uji kwa kila kilo kwa siku, zigawe mara tano au sita. Kwa mnyama wa gramu 900 ni kama mililita 10 hadi 12 kila mlo, pamoja na mlo mmoja usiku wa manane. Mfunge kwenye taulo, akae wima, kamwe asilale chali. Ingiza bomba lisilo na sindano pembeni, nyuma ya meno ya mbele, mpe nusu mililita, subiri ameze, rudia. Ukimpa kwa pupa, uji huingia kwenye mapafu na kichomi ndicho kitakachomuua.

Uji wa lishe wa watoto, uji wa sembe na maziwa usimpe. Wanga na sukari huchacha tumboni na kuzidisha gesi.

Simama hapa: kabla ya kumlisha kwa nguvu, gusa tumbo. Likiwa limejaa, gumu, na ukilipiga taratibu kwa kidole linalia kama ngoma, usiingize chakula. Hiyo ni gesi, na kila mililita unayoongeza inamkandamiza mapafu. Daktari, sasa hivi.

Kinyesi kimelegea au anahara

Tofautisha mambo mawili. Kinyesi laini kilichoshikana, mnyama akiwa mchangamfu, mara nyingi ni chakula. Maji yanayonuka, makalio yamelowa, mnyama amenyong'onyea, huo ni ugonjwa unaoweza kummaliza kwa siku moja.

Chanzo cha kawaida ni mabadiliko ya ghafla. Wiki nzima amekula pumba, Jumamosi anamwagiwa fungu zima la mchicha uliolowa. Majani mapya yaanze kwa kipande cha ukubwa wa kiganja cha mtoto, yaongezwe kwa wiki nzima. Majani yaliyorundikwa kwenye mfuko wa plastiki tangu asubuhi yakapata moto, yatupe. Kabichi kwa wingi huleta gesi. Matango na matikiti ni maji matupu. Mboga zinazolimwa kandokando ya Mto Msimbazi zioshe mara kadhaa kwa maji safi, na kama una pa kupata nyingine, chagua hizo; maji ya pale ni machafu, hilo halihitaji maabara kulijua.

La pili ni dawa, na hili linastahili maneno mengi kuliko linavyopata. Amoksilini, ampisilini, penisilini za aina zote, klindamaisini, linkomaisini na erithromaisini huua bakteria wazuri wa utumbo wa simbilisi. Bakteria mbaya wa jamii ya klostridia hubaki peke yao, hutoa sumu, na mnyama hufa kwa kuhara ndani ya siku chache. Tetrasaiklini, ile ya unga inayouzwa kwa ajili ya kuku, nayo ni hatari kwake. Dawa hizi zinapatikana kila mtaa, na muuzaji mwenye nia njema kabisa atakupa kapsuli ya amoksilini "ugawe robo". Kataa. Kama alishapewa na ameanza kuhara, acha dawa hiyo, umwambie daktari jina lake na saa aliyopewa.

Vitoto na wanyama wapya kutoka sokoni hupata pia kokisidia, vimelea vidogo vya utumbo. Daktari huwaona kwa kupima kinyesi kwenye hadubini, ambacho kinatakiwa kiwe cha siku hiyo hiyo, ndani ya kichupa safi. Panya wanaochafua pumba gunia likiwa wazi huleta salmonela, bakteria wa kuharisha. Weka chakula kwenye ndoo yenye mfuniko, na wanaomshika mgonjwa wanawe mikono kwa sabuni.

Kwa kinyesi laini pekee: ondoa majani mabichi yote kwa siku moja, mwachie majani makavu bila kikomo na maji safi. Usimfungie chakula. Vitamini C mpe kwa bomba. Kisipokaza kesho yake, nenda kwa daktari. Kwa anayehara maji, anza kumpa maji ya ORS kidogo kidogo, mililita 5 kila nusu saa, mkiwa njiani. Mwoshe makalio kwa maji ya uvuguvugu na umkaushe vizuri. Kwa joto letu, nzi hutaga kwenye manyoya yaliyochafuka na funza huonekana kesho yake tu.

Dume mzee ana shida yake: kinyesi laini hukwama kwenye mfuko wa sehemu ya haja kwa sababu misuli imelegea. Kinanuka, kinaonekana kama donge. Lainisha kwa mafuta ya kula kidogo, likamue taratibu, na urudie kila siku mbili au tatu. Haiponi, ni matunzo ya kudumu.

Hatembei, anachechemea, analia akishikwa

Kwa simbilisi wa mjini anayelishwa pumba, chanzo cha kwanza cha kufikiria ni ukosefu wa vitamini C. Mwili wake hauwezi kuitengeneza, kama sisi. Akiikosa kwa wiki mbili hivi, viungo huvimba na kuuma, fizi huvuja damu, manyoya hukauka, vidonda haviponi. Watu husema "amepooza". Hajapooza, anaumia magoti.

Mzima anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kila kilo kwa siku, mjamzito apate kiwango cha juu. Gramu 30 za pilipili hoho mbichi, yaani kipande kama robo ya hoho ya wastani, zinatosha mnyama mmoja. Mapera yana vitamini C nyingi zaidi, kipande cha gramu 10 hadi 15 kinatosha, na kisizidi kwa ajili ya sukari. Pera la soko la Buguruni au Mabibo halina gharama ya kusumbua mtu. Karoti, ambayo kila mtu huiamini, ina vitamini C kidogo sana. Usipike chochote, moto huiharibu.

Akishaonyesha dalili, chakula pekee hakitoshi. Nunua vidonge vya kawaida vya vitamini C vya miligramu 100. Saga kimoja, changanya na mililita 4 za maji, kila mililita itakuwa na miligramu 25. Kipimo cha tiba ni miligramu 50 kwa kila kilo kwa siku, hivyo mnyama wa gramu 800 anapata miligramu 40, ambazo ni mililita 1.6. Mwaga kinachobaki, kesho tengeneza kingine. Endelea wiki moja hadi mbili. Nafuu huanza kuonekana ndani ya siku chache; isipoonekana kwa siku tano, chanzo ni kingine. Usitumie multivitamini, kwa sababu vitamini A na D hujazana mwilini. Na usiweke vitamini C kwenye chupa ya maji: inaharibika ndani ya saa chache, na ladha yake inaweza kumfanya asinywe kabisa.

Ukiwa umemshika, geuza miguu uangalie nyayo. Sakafu ya waya, maranda yaliyolowa, unene na kucha ndefu huleta vidonda vya nyayo. Ikiwa ni wekundu tu, tandika taulo au kitambaa kizito juu ya waya, badilisha kila siku, safisha nyayo kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ikiwa kuna gamba jeusi na uvimbe, usilibandue. Maambukizi ya hapo huingia hadi kwenye mfupa, na tiba yake ni ya wiki nyingi chini ya daktari.

Kuanguka kutoka mikononi mwa mtoto ni chanzo cha tatu. Miguu ya nyuma ikiburuzwa na hahisi ukimbana kidole, mweke kwenye boksi dogo asizunguke na umpeleke. Diklofenaki na asprini usimpe kwa kukisia.

Anapumua kwa shida

Tofauti ya joto na kichomi hupatikana kwa kutazama mahali kwanza, kisha pua.

Joto: mchana, amejinyoosha chini, masikio mekundu yana moto, anahema, udenda unatoka, pua ni safi. Mtoe hapo mara moja. Mloweshe masikio na nyayo kwa maji ya kawaida ya bombani, mfunike kwa kitambaa chenye unyevunyevu, mpepee au washa feni isimpige moja kwa moja. Maji ya barafu usitumie. Mishipa ya ngozi hujibana na joto hubaki ndani. Mpe maji kwa matone kama anameza mwenyewe. Akilegea au akitetemeka, endelea kumpooza mkiwa njiani kwenda kwa daktari. Hata akipata nafuu, mwangalie siku mbili, kwani figo na utumbo huathirika baadaye.

Kuzuia ni rahisi kuliko hayo yote. Banda lisiwe kwenye roshani inayotazama magharibi wala chumba cha bati kisicho na dari. Gandisha chupa mbili za maji za lita moja na nusu, ifunge moja kwa kanga kuukuu uilaze ndani ya banda saa 5 asubuhi, ibadilishe saa 8 mchana. Umeme ukikatika, chupa hizo ndizo feni yako.

Kichomi: pua ina kamasi, macho yana tongotongo, manyoya ya mikono ya mbele yamegandana kwa sababu anajifutia, na ukiweka sikio mgongoni unasikia mlio wa kukwaruza. Bakteria mmoja anayeongoza kwa hili, bodetela, mara nyingi hukaa kwa sungura na mbwa bila kuwaumiza, kisha huua simbilisi. Kuwaweka sungura na simbilisi banda moja, kama inavyofanyika sokoni, ni kosa. Kichomi hakitibiki nyumbani. Daktari hutumia dawa kama enrofloksasini, au ya kundi la septrini, kwa kipimo cha uzito.

Chanzo cha tatu ni hewa chafu: jiko la mkaa ndani, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza wadudu, na harufu kali ya mkojo. Inama uweke uso wako usawa wa sakafu ya banda. Ukihisi macho yanawasha, yeye anaishi humo saa zote.

Anajikuna na kupoteza manyoya

Utitiri ndio unaoongoza. Unachimba ndani ya ngozi, huuoni kwa macho. Unachoona ni ngozi nene yenye magamba mabegani, mgongoni na ndani ya mapaja, na mnyama anayejikuna hadi kutoka damu. Ukiwa mkali, kumgusa tu mgongoni kunamletea degedege, na watu hudhani ni kifafa. Chawa, kinyume chake, utawaona: vijidudu vyembamba vya rangi ya majani makavu vinavyotembea kwenye shina la nywele, hasa nyuma ya masikio.

Vyote viwili hutibiwa kwa ivermektini, na hapa ndipo wengi hupoteza wanyama. Chupa ya dukani ni ya ng'ombe na mbuzi, asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa mililita. Kwa kipimo cha miligramu 0.4 kwa kilo, simbilisi wa gramu 800 anahitaji mililita 0.03 tu. Kwenye bomba la insulini la mililita 1 lenye mistari 100, ni mistari mitatu. Akipewa nusu mililita, kipimo cha mbuzi wa kilo 25, amepata mara 15 ya anachohitaji. Mwache daktari apime na achome, na arudie baada ya siku 7 hadi 14, mara mbili au tatu, kwa sababu mayai hayafi kwa dozi ya kwanza. Watibu wote wanaokaa pamoja siku moja, choma maranda, osha banda kwa maji ya moto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe na ile ya viroboto vya mbwa usiziguse.

Mapunye huanza puani na kuzunguka macho: duara lisilo na nywele, lenye magamba, haliwashi sana. Yanaambukiza watu, na watoto ndio wa kwanza kuyapata. Vaa glavu, mtenge, mpeleke apewe dawa ya fangasi.

Jike aliyevuka miaka miwili akinyonyoka mbavuni pande zote mbili kwa usawa, bila kujikuna, huenda ana vifuko vya maji kwenye ovari. Mjamzito wa siku za mwisho naye hupungua manyoya, yataota.

Mkojo mwekundu

Usiogope kabla ya kupima. Mkojo wa simbilisi unaweza kugeuka rangi ya chungwa au kahawia ukikaa kwenye maranda, kutokana na rangi za mimea. Mweke juu ya kitambaa cheupe safi, subiri akojoe, utazame ukiwa mbichi. Kijiti cha kupimia mkojo cha duka la dawa kitakuonyesha kama kuna damu.

Damu ikiwepo, pamoja na kulia wakati wa kukojoa au chembe za mchanga badala ya unga laini, chanzo ni maambukizi ya kibofu au mawe. Mawe yao kwa kawaida ni ya kalsiamu, huonekana kwa picha ya eksirei, na mengi huondolewa kwa upasuaji. Dume ana mrija mwembamba, jiwe likiziba anakufa. Punguza mchicha uwe wa mara moja moja, ongeza nyasi, na maji yasikose. Kwa jike, damu inaweza kuwa ya kizazi, na hilo nalo ni la daktari.

Uvimbe, jicho, kichwa kupinda

Uvimbe chini ya shingo mara nyingi ni jipu la tezi. Usilikamue, linaweza kupasukia ndani, na usaha wake huambukiza wenzake. Uvimbe wenye tundu dogo katikati linalochezacheza ni buu la nzi lililoingia kwenye ngozi, jambo la kawaida Pwani hasa matandiko yakiwa na mkojo. Daktari atalitoa zima. Likipasuka ndani, huleta jipu kubwa.

Jicho likiwa na ukungu, tafuta kijiti cha nyasi kilichochoma. Osha kwa maji ya chumvi ya hospitali. Usitie matone yenye deksamethasoni, kwani yakikuta kidonda kwenye kioo cha jicho yanakitoboa. Kichwa kilichopinda ni sikio la ndani mpaka ithibitike vinginevyo, na kila siku inayopita inapunguza uwezekano wa kunyooka.

Jike mwenye mimba

Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Jike ambaye hajawahi kuzaa na ameshavuka miezi 7 asipandishwe: mifupa ya nyonga imeshaungana, kitoto hakipiti, na bila upasuaji wanakufa wote. Unaponunua jike sokoni alikochanganywa na madume, hesabu kwamba ana mimba.

Mjamzito mnene anayeacha kula wiki mbili za mwisho, au wiki ya kwanza baada ya kuzaa, anaingia kwenye sumu ya mimba. Hupooza, hutetemeka, hufa ndani ya siku chache. Usimbadilishie chakula kipindi hicho, usimsafirishe bila sababu, na asikose kula hata mlo mmoja.

Kumpeleka kwa daktari

Piga simu kwanza, uliza swali moja: "Umewahi kutibu simbilisi au sungura?" Afisa mifugo wa kata anaweza kuwa hodari wa ng'ombe na kuku bila kuwa ameshika simbilisi hata mmoja, na hilo si kosa lake. Vipimo vya kinyesi na ngozi, daktari anaweza kuvipeleka maabara ya serikali ya mifugo iliyopo Temeke. Kwa upasuaji mkubwa, hospitali ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni mahali pa kuulizia.

Nenda na daftari la uzito, kinyesi cha leo, majina ya dawa zote alizopewa, na orodha ya anachokula. Usimfungishe chakula kabla ya safari, hata kama ni kwa ajili ya upasuaji, mpaka daktari mwenyewe aseme. Kanuni ya mbwa na paka haimhusu. Mbebe kwenye boksi lenye matundu, taulo chini, nyasi ndani, na mwenzake mmoja kama hana ugonjwa wa kuambukiza. Ondoka kabla ya saa 2 asubuhi, maana foleni ya Barabara ya Mandela saa 7 mchana ndani ya bajaji ni ugonjwa mwingine. Ukirudi, mtenge wiki mbili hadi tatu kama ana kamasi, utitiri au mapunye, na mpime kila siku badala ya kila wiki mpaka uzito urudi pale ulipokuwa.